Waya na hewa: kurekodi besi, gita na udi

Gita la besi ukilichomeka kwenye tundu lisilo lake, sauti inatoka vilevile. Inatoka imefifia kama imefunikwa blanketi. Mpigaji analaumiwa, nyuzi zinalaumiwa, mwisho gita lenyewe linaambiwa bovu, kumbe kosa ni tundu. Ndiyo maana naanzia hapa kabla ya kutaja maiki yoyote.

Tundu moja la saundi kadi (kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta), lile linalopokea XLR (plagi ya duara ya pini tatu) na jeki (ile ya gita) pamoja, kwa ndani ni milango mitatu. Ukichomeka XLR unaingia mlango wa maiki, ambao impidansi yake huwa kama kiloomu 1.5 hadi 3. Ukichomeka jeki bila kubonyeza kitu unaingia mlango wa laini, kama kiloomu 10 na kuendelea. Ukibonyeza kitufe kilichoandikwa INST au Hi-Z, au kilichochorwa gita, mlango unakuwa megaomu 1 hivi. Impidansi ni kiasi ambacho mlango unagoma kunyonya umeme wa chombo. Mlango wa namba kubwa unasikiliza bila kunyonya. Wa namba ndogo unanyonya, na chombo dhaifu kinachoka.

Pikapu ya sumaku, yaani kidakio cha sauti kilicho chini ya nyuzi za gita, ni waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara. Ukiipima kwa mita inasoma kiloomu 6 hadi 15, lakini kipimo hicho ni cha umeme uliotulia. Sauti ikipanda juu, impidansi ya pikapu nayo inapanda, hadi kupita kiloomu 100 kwenye masafa yale yanayolipa gita mng'aro wake. Mlango wa kiloomu 10 unaumeza mng'aro huo wote. Piezo, ile pikapu inayobandikwa chini ya daraja la udi au la gita la mbao, inafanya kinyume: ni kama kapasita ndogo, na ikikutana na mlango mdogo inapoteza sauti za chini. Chukua piezo ya nanofaradi 1. Kwenye mlango wa kiloomu 10, kila kilicho chini ya kama Hz 16,000 (mitetemo kwa sekunde) kinaanza kudondoka, maana yake karibu muziki wote. Kwenye megaomu 1, mpaka unashuka hadi Hz 160. Kwenye megaomu 10 unafika Hz 16, na hapo udi unasikika mzima, kwa sababu nyuzi zake nene zinashuka chini ya Hz 100.

Kwa hiyo sikio lenyewe linatosha kupima. Pikapu ya sumaku iliyokosa juu, au piezo iliyokosa chini na kulia kama bata, zote mbili zinakuambia kagua mlango kwanza. Usiguse EQ (kirekebishi cha sauti za juu na za chini). EQ haiwezi kurudisha kilichomezwa kabla ya kufika kwenye kompyuta. Itapandisha kelele tu.

Jambo jingine linalofanana na hilo ni urefu wa waya. Waya wa gita una takriban pikofaradi 100 kwa kila mita, na kadiri unavyorefuka ndivyo mng'aro unavyopungua. Kati ya gita na saundi kadi, au kati ya gita na kisanduku cha DI nitakachokieleza hivi punde, usipite mita 3 hadi 5. Nobu ya volyumu kwenye gita iwe imefunguliwa yote, maana ukiipunguza kwenye gita la kawaida lisilo na betri, waya uleule unakula juu zaidi. Kiwango cha kurekodia kipangwe kwa geini (nobu ya kukuza mawimbi yanayoingia) ya saundi kadi: kwa biti 24, wastani uwe karibu na dB -18 (desibeli, zikihesabiwa kushuka kutoka kilele cha mita) na vilele visipite dB -6. Besi ya kupiga kwa kidole gumba inaruka sana, basi muombe mpigaji apige kwa nguvu yake ya mwisho kabla hujapanga. Anachopiga wakati wa kujaribu huwa ni cha upole kuliko atakachopiga wimbo ukikolea.

Kisanduku cha DI kinafanya kazi tatu kwa pamoja: kinapokea chombo kwa impidansi kubwa, kinakitoa kwa impidansi ndogo ya maiki, na kinageuza waya wa jeki kuwa waya wa XLR wenye nyaya mbili zinazofuta kelele za njiani. Baada ya hapo unaweza kuvuta waya mita 30 bila wasiwasi. DI isiyotumia umeme ina transfoma ndani. Mojawapo ya transfoma zinazojulikana, Jensen JT-DB-E, inapunguza kwa 12 kwa 1, yaani mawimbi yanashuka kwa karibu dB 22, nawe unayafidia kwa geini ya maiki. Impidansi yake kwa upande wa gita inakuwa kama kiloomu 140. Hiyo inatosha kwa kinanda na kwa besi yenye betri, na besi nyingi zisizo na betri nazo hazidhuriki sana. DI inayotumia umeme inachukua betri au volti 48 za fantomu, umeme ambao saundi kadi inautuma kupitia waya wa maiki. Radial J48 ina kiloomu 220, Countryman Type 85 inafika megaomu 10, na ndiyo maana hiyo ya pili inafaa piezo hata isipokuwa na kifaa kingine katikati.

Nitasema wazi: kama mpigaji anakaa mita 2 kutoka saundi kadi na tundu lako la INST ni zuri, huna haja ya kununua DI. Nunua maiki nzuri zaidi, au magodoro ya kuzibia chumba. DI inapata maana pale mpigaji anapokaa chumba kingine, unapotaka gita liende kwenye amplifaya na kwenye kompyuta kwa wakati mmoja kupitia tundu la kupitisha, au umeme unapounguruma.

Kuhusu mngurumo. Umeme wetu ni Hz 50, kwa hiyo mngurumo mzito wa chini ni Hz 50 na ule mkali kidogo ni Hz 100 na ndugu zake. Mwambie mpigaji azunguke taratibu kwenye kiti. Mngurumo ukibadilika anavyozunguka, pikapu inadaka sumaku ya transfoma, taa au skrini iliyo karibu, na DI haitakusaidia. Msogeze, mtafutie upande ulio kimya, abaki hapo. Usipobadilika, chomoa chaja ya laptopu na urekodi kwa betri. Mara nyingi tatizo linakwisha hapohapo, hasa kinanda kikiwa nacho kimechomekwa ukutani. Ukiendelea, peleka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, kisha bonyeza kitufe cha kukata ardhi kwenye DI. Kitufe hicho kinakata ardhi ya waya wa sauti peke yake, ni salama. Kuvunja pini ya ardhi kwenye plagi ya amplifaya ni jambo jingine kabisa. Ardhi ile ipo ili umeme ukivuja usipite kwenye nyuzi za gita na midomo ya mwimbaji aliyeshika maiki. Usiivunje hata siku moja.

Sasa hewa. Gita linaloingia kwa waya peke yake lina mkwaruzo wa kucha na kishindo cha kila noti, lakini halina mwili unaotoka kwenye spika inayosukuma hewa. Detroit, Marekani, miaka ya 1960, studio ya lebo ya Motown ilikuwa ikiingiza besi ya James Jamerson moja kwa moja kwenye mitambo, bila maiki mbele ya amplifaya, na besi ile inasomeka noti kwa noti hadi leo. Kwa hiyo waya peke yake hauna kosa. Ni uamuzi. Ila wasikilizaji wetu wengi wanasikiliza kwa spika ya simu, na mzizi wa uzi wa chini kabisa wa besi, Hz 41, simu haiutoi kabisa. Kinachofika kwa msikilizaji ni sauti za juu za noti ileile, kuanzia kama Hz 300 kwenda juu, na hizo amplifaya inazipika vizuri kuliko waya. Ndiyo maana napendelea besi iwe na vyote viwili: waya kwa chini, maiki kwa katikati.

Amplifaya ya gita ipandishe juu ya kiti au kreti, sentimita 40 hivi kutoka sakafuni. Ikikaa sakafuni, sauti inayoruka kutoka sakafu inagongana na ile ya moja kwa moja kwenye maiki. Mulika tochi kupitia kitambaa cha mbele uone koni ya spika iko wapi. Kama kuna spika mbili, sikiliza ipi ina sauti safi. Weka maiki ya dainamiki (isiyotumia umeme) kama Shure SM57 sentimita 3 kutoka kitambaa, ikielekea pale kikombe cha katikati kinapokutana na karatasi ya koni. Kuelekea katikati sauti inakuwa kali, kuelekea ukingoni inakuwa nene na giza. Katika spika ya inchi 12, sentimita 2 zinatosha kubadilisha gita. Fanya hivi: mpigaji arudie mstari mmoja, msaidizi asogeze maiki sentimita moja moja, wewe usikilize kwa hedifoni zilizofungwa na useme simama. Ni kazi ya dakika 5, na inaokoa saa nzima ya EQ.

Maiki za upande mmoja zinaongeza sauti za chini zikikaribia sana chanzo. Kwa gita la solo la dansi, linalocheza juu kabisa na kwa sauti safi, uzito huo ni mzigo, basi rudi hadi sentimita 10 au 15. Kwa besi, maiki ya ngoma kubwa kama AKG D112 au Shure Beta 52A inafaa kwa sentimita 10. Electro-Voice RE20 imetengenezwa isinenepe ikikaribia, kwa hiyo inatabirika kuliko zote.

Katika bendi ya dansi, gita la solo na la ridhimu yanasukana kama ukili. Ukiyarekodi yote mawili kwa njia moja, maiki ileile na umbali uleule, yanagandana na kuwa donge moja, hata ukiyatenga kushoto na kulia. Ridhimu iingie kwa waya, solo ipite kwenye amplifaya na maiki. Au kinyume chake. Muhimu yatoke milango tofauti.

Ukichanganya waya na maiki kwa chombo kimoja, adui wako ni muda. Sauti ya waya inafika papo hapo. Ya maiki inasafiri hewani, na kwenye joto la nyuzi 30 inakwenda karibu mita 349 kwa sekunde, yaani sentimita 35 kwa kila elfu ya sekunde. Maiki iliyo sentimita 35 kutoka spika inachelewa elfu moja ya sekunde. Ukiijumlisha na waya kwa viwango sawa, sauti ya Hz 500 inafutika, halafu 1,500, halafu 2,500, na kuendelea kama meno ya kitana. Gita linasikika kama liko ndani ya mtungi. Kwa maiki ya sentimita 10, pengo la kwanza ni karibu na Hz 1,700, palepale kidole cha mpiga besi kinaposikika kikigusa uzi.

Tofautisha hilo na polariti iliyogeuka. Hapo wimbi moja linapanda wakati jingine linashuka, na kwa besi dalili yake haina utata: trakti ya waya peke yake ina uzito, ya maiki peke yake ina uzito, lakini ukizifungua pamoja sehemu ya chini inatoweka. Bonyeza kitufe cha kugeuza polariti kwenye trakti (mstari wa kurekodia) moja. Uzito ukirudi, tatizo lilikuwa hilo. Ukibadilika kidogo tu, tatizo ni muda.

Muda unarekebishwa hivi. Kabla ya wimbo kuanza, mpigaji apige noti moja fupi, aizime kwa kiganja, anyamaze. Baadaye kuza picha ya mawimbi kwenye kompyuta, tafuta mwanzo wa noti hiyo kwenye trakti zote mbili, na uvute ya maiki nyuma hadi mianzo ikutane. Kwa sampuli (vipimo vya wimbi ambavyo kompyuta inachukua) 48,000 kwa sekunde, sentimita 10 ni sampuli 14 hivi na sentimita 35 ni 48. Kisha badilisha usikilizaji uwe mono (kushoto na kulia vikijumlishwa) na uhukumu kwa sikio, maana picha haiimbi. Wakati mwingine sampuli 5 mbele au nyuma ya mahali sahihi panapendeza zaidi. Maiki ya mbali, ile ya chumba, usiivute. Uchelewaji wake ndio unaofanya chumba kisikike.

Hata kama unatumia maiki, rekodi waya pia kwenye trakti ya pembeni. Siku amplifaya ikionekana haikufaa, utaitoa trakti hiyo kwenye saundi kadi, uipitishe kwenye kisanduku cha kurudishia amplifaya, na urekodi upya bila kumwita mpigaji. Usiunganishe tundu la laini la saundi kadi moja kwa moja na amplifaya: sauti inatoka na nguvu nyingi kupita ya gita na impidansi isiyofanana nayo, na amplifaya itajibu kwa mkwaruzo ambao mpigaji hakuupiga.

Udi unataka subira zaidi. Maiki ya kondensa (inayotumia fantomu) yenye kapsuli ndogo, yaani kichwa kinachodaka sauti, sentimita 30, ielekee kati ya daraja na tundu kubwa. Ukiielekeza ndani ya tundu unapata mngurumo wa tumbo la udi na noti hazitengani. Ukiielekeza kwenye risha (kichunio cha nyuzi) unapata mkwaruzo wa kuchuna peke yake. Mpigaji akiwa na pumzi nzito au mavazi yanayochakacha, sogea sentimita 10 upande wa shingo ya udi. Piezo, kama ipo, ipite DI ya megaomu 10 kwa waya wa mita moja, halafu uikate kila kilicho juu ya Hz 2,000 na uiingize chini ya maiki kidogo kidogo hadi ukiizima unaona pengo. Isisikike yenyewe.

Mpigaji anayeimba huku akipiga ni mtihani mzuri. Tumia maiki mbili za umbo la nane, zinazosikia mbele na nyuma lakini ni viziwi kabisa pembeni, nyuzi 90. Ile ya udi ilaze ili ubavu wake uangalie mdomo. Ile ya sauti inamishe ili ubavu wake uangalie udi. Sauti mbili zinatengana kiasi cha kukushangaza, na ni vigumu kuupata utengano safi kama huo baada ya kurekodi.

Kanuni, kile chombo bapa cha nyuzi nyingi cha taarabu, imelalia mapaja au meza, na sauti yake hai inatoka kwenye ngozi iliyo chini ya daraja, upande wa kulia wa mpigaji. Ninginiza maiki sentimita 40 juu ya ngozi hiyo. Vijiti vya chuma vya kubadilishia noti viko kushoto, vinagonga kila maqamu (mpangilio wa noti) yanapobadilika, basi kadiri unavyokaa kulia ndivyo vinavyopungua. Udi ukiwa jirani, kumbuka tatu kwa moja: maiki iliyo sentimita 30 kutoka chombo chake iwe angalau sentimita 90 kutoka maiki ya jirani. Kwa uwiano huo chombo cha jirani kinaingia kwa kama dB 9 chini, na meno ya kitana yanapungua sana.

Rekodi za zamani za Radio Tanzania Dar es Salaam zilifanywa bendi nzima ikipiga pamoja chumbani, na joto lile bado linawezekana. Kwa chumba kidogo, besi na kinanda viingie kwa DI, visiwe na spika kabisa, wapigaji wavisikie kwenye hedifoni. Hapo maiki za tumba na za sauti hazidaki besi. Kinanda kirekodiwe kwa DI mbili, kushoto na kulia, ila kwanza kisikilize kwa mono, maana baadhi ya sauti zake pana zinajifuta zenyewe. Tumba inataka maiki ya dainamiki sentimita 15 juu ya ukingo, ikiinama kuelekea katikati ya ngozi. Kadioidi, maiki ya kawaida ya upande mmoja, ni kiziwi moja kwa moja nyuma, nyuzi 180. Supakadioidi, yenye sikio jembamba zaidi, ni kiziwi kwenye nyuzi 126 hivi, nyuma kwa pembeni, na nyuma kabisa inasikia kidogo. Kabla ya kuweka stendi jiulize mgongo wa maiki unaangalia nani.

Mwimbaji akae sentimita 15 hadi 20 kutoka maiki, kichujio cha pumzi katikati. Waimbaji wa pwani wanaotamka Kiswahili cha asili wana p mbili: paa la nyumba halipulizi, paa wa porini anapuliza, na pumzi hiyo inagonga kapsuli kama kofi. Pandisha maiki hadi usawa wa pua na uigeuze nyuzi 20 pembeni. Sauti inabaki, upepo unapita.

Hewa ya chumvi nayo ina ubaya wake. Maiki ya kondensa iliyoachwa kwenye stendi wiki nzima Zanzibar, Mombasa au Tanga inaanza kutoa mchakacho kama mafuta ya moto, kwa sababu unyevu umetua kwenye kapsuli na chaji inavuja. Ikishaanza, izime, iache mahali pakavu siku nzima kabla ya kuiita mbovu. Kila kazi ikiisha, irudishe kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vifuko vya silika, na vifuko hivyo vikishiba unyevu uvikaushe kwa moto mdogo au uvibadilishe. Waya wa XLR nao uukague pini ya kwanza kabla ya kuuchomeka kwenye maiki ya riboni (yenye utepe mwembamba wa chuma ndani) huku fantomu ikiwa imewashwa: waya uliounganishwa vibaya unaweza kuikata riboni papo hapo.